Soko la Makosa Mapya

Katika nchi ya Jaribuni mtu hahesabiwi mzee kwa miaka yake. Anahesabiwa mzee siku anapoacha kufanya makosa mapya. Ninaliweka jambo hili mbele kabisa kwa sababu mimi nililielewa nimechelewa, baada ya kuwashangaa watu wa huko bila sababu, na sipendi msomaji ataabike kama nilivyotaabika.

Namna nilivyofika haina mafunzo yoyote. Njia ilikuwa ndefu, nikaitembea nikisali, na Mungu akanifikisha. Mpakani nilipokelewa na ofisa mmoja mwenye mvi ambaye vifungo vya sare yake vilikuwa vimepishana, cha juu kimeingia tundu la chini. Nilidhani ni uzembe. Kumbe alikuwa amepooza mkono wa kulia mwaka uliopita na sasa anajifunza kuvaa kwa mkono wa kushoto.

“Habari za makosa, mama?” akanisalimu.

Sikumwelewa. Nikajibu kama tujibuvyo kwetu, “Nzuri tu.”

“Sikuulizi kama ni nzuri. Nakuuliza kama ni mapya.”

Nikamwambia mimi ni mgeni, nimepita miaka sitini, sina kosa ninalolijua ila yale niliyoyaungama kabla ya safari. Akacheka, akaniuliza ninasoma nini. Swali hilo sikuwa nimewahi kuulizwa na mtu wa serikali. Nikamweleza kwamba jioni ninahudhuria madarasa ya watu wazima katika shule ya msingi nyuma ya soko letu, kwamba tunakalia madawati ya watoto hata magoti yanagonga ubao, na kwamba tumefika kwenye milinganyo ya hesabu nayo inanishinda.

“Inakushinda vipi?”

“Nikivusha namba kwenda upande wa pili, nasahau kuigeuza.”

“Safi kabisa!” akasema, akamwita mwenzake kutoka ofisi ya pili. “Njoo usikie. Huyu hakuja mikono mitupu.”

Nikaruhusiwa kuingia.

Sheria zao ni chache, na nyingi zinawahusu wazee, kwa maana wanasema vijana hujifunza hata wakikatazwa. Ya kwanza inaitwa Sheria ya Mkono. Haramu kumpokonya mzee kitu anachohangaika nacho, mpaka aombe mwenyewe. Siku yangu ya kwanza mjini nilimwona askari amemsimamisha bwana mmoja mnene, mwenye suti, aliyekuwa ameishika simu ya mama yake.

“Umempokonya,” askari akasema.

“Afande, nilikuwa namsaidia. Alikuwa anabonyeza pasipo.”

“Ndiyo, alikuwa anabonyeza pasipo. Sasa wewe ukimbonyezea, atapajuaje pasipo ni wapi?”

Yule bwana akaamriwa kuketi kando ya mama yake, mikono mapajani, mpaka mama atume ujumbe wake mwenyewe. Ujumbe ulikwenda kwa mtu wasiyemjua. Nilipopita tena baadaye, mama alikuwa anaulizana na mtu huyo habari za mavuno, na mwanawe amelala ameegemea ukuta.

Sheria ya pili inakataza maneno “kwa umri wako.” Maneno hayo yanaruhusiwa kwa miti na majengo tu. Nilikutana na kijana anafagia uwanja wa mahakama kwa sababu alimwambia shangazi yake, “Kwa umri wako unapendeza.” Aliniapia kuwa alikuwa na nia njema. Nilimwamini, na nikatambua kwamba kwetu ningemshukuru.

Sheria ya tatu ndiyo mama wa zote. Kila aliyepita sitini anatakiwa, angalau mara moja kabla mwaka haujafungwa, kupeleka kosa jipya katika Soko la Makosa na kulitangaza mbele ya watu. Na si kosa lolote. Zamani walikuwepo wajanja walioruka kutoka jambo hadi jambo, leo kushona, kesho kufuga nyuki, wakaokota makosa ya siku ya kwanza na kuondoka. Kwa hiyo wakaongeza kifungu kwamba kosa la leo liwe mtoto wa kosa la jana. Mtu aonekane amekosea mbele zaidi kuliko alipokosea mwanzo.

Nilipangiwa kukaa nyumbani kwa Bi Sikudhani na mumewe Mzee Mbaruku. Bi Sikudhani amepita sabini, ana kicheko kinachotangulia mlangoni kabla yake, na mwaka huo alikuwa anajifunza kuoka mikate. Mumewe ni fundi saa, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linasimama peke yake. Tulipoketi kula, nikasali juu ya chakula, wakangoja kwa heshima mpaka nikamaliza, kisha Mzee Mbaruku akachukua kipande cha mkate, akakitafuna kwa muda mrefu.

“Mkate huu,” akasema, “mtu anaweza kuujengea.”

“Wa jana ulikuwa jiwe,” mkewe akamjibu. “Wa leo tofali. Si unaona tunaelekea kwenye nyumba?”

“Umezidisha moto.”

“Nimepunguza. Nilizidisha juzi. Leo nimekosa kuusubiri uumuke.” Akanigeukia uso unang’aa. “Mama Polikapi, hilo la leo sijawahi kulifanya. Nitalipeleka sokoni.”

Nikamuuliza Mzee Mbaruku yeye atapeleka nini. Bi Sikudhani akaweka kijiko chini.

“Huyu,” akasema, na sauti yake ilikuwa ile tunayotumia kwetu kusema kwamba mgonjwa hajatia kitu mdomoni, “mwaka mzima hajakosea.”

“Sina sababu ya kukosea,” mumewe akasema.

“Na soko la kufunga mwaka ni juma hili.”

“Nalijua.”

“Watampa Kiti,” akaniambia mimi, kana kwamba mumewe hayupo.

Nikauliza Kiti ni nini. Wakanieleza kwa zamu, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Ni kiti kikubwa cha mninga chenye mito ya sufi. Mwenye kupewa Kiti hukalishwa kivulini na hafanyi tena lolote. Analetewa chakula, anakatiwa nyama, anafungiwa viatu. Watu husema naye kwa sauti kubwa na polepole. Hakuna anayemuuliza swali isipokuwa kama amekula na amelala. Hakuna anayembishia. Akisema jambo lolote, la kweli au la uongo, huitikiwa “ndiyo, mzee wetu,” hata na mkewe. Na tangu siku hiyo jambo lolote likiamuliwa nyumbani, huamuliwa chumba cha pili.

Nikafurahi kusikia habari hizo. Nikawaambia kwamba nchi yao ina adabu, na kwamba hata kwetu tunafanya hivyo kwa wazee tunaowapenda sana. Watoto wangu wenyewe, nikasema, waliniletea kiti kama hicho, cha kuegemea, wakaniambia, “Mama, umefanya kazi ya kutosha, kaa sasa.” Majirani walikuja kukitazama.

Bi Sikudhani alijiziba mdomo kwa kiganja. Mzee Mbaruku, ambaye tangu nifike alikuwa hajanitazama usoni, akanitazama.

“Watoto wako wa kuwazaa?” Bi Sikudhani akauliza.

“Wa kuwazaa.”

“Masikini. Ulikuwa umewatenda nini?”

Kwao Kiti ndiyo adhabu kubwa katika vitabu vya sheria. Gereza hawana. Usiku ule nilisali kwa muda mrefu kuliko kawaida yangu, na sikupata maneno mazuri.

Kesho yake Bi Sikudhani alinifuata jikoni kwake nikiosha vyombo. Akachukua kitambaa, akawa anafuta sahani moja ileile.

“Mimi na mtu huyu,” akasema, “tumebishana tangu siku ya harusi. Tulibishana juu ya jina la kila mtoto. Tunabishana kama mvua itanyesha. Asubuhi nikifungua macho, kabla sijashuka kitandani, nina neno moja la kumwambia na yeye ana la kunikatalia. Sasa akiingia Kitini, sheria inanitaka nimwambie ndiyo mpaka mmoja wetu afe. Mama Polikapi, nitakuwa mjane wa mtu aliye hai.”

“Kwa nini hajifunzi kitu?”

“Muulize wewe. Mimi akinijibu tunagombana.”

Nikaenda kumwona kwenye karakana yake, chumba kidogo kinachotazama barabara. Saa zimejaa kuta zote, na zote zinasema jambo moja kwa wakati mmoja. Nilikaa, nikatazama mikono yake, na ninasema kweli, ilikuwa mizuri kuitazama. Akaingia mteja na saa ya siku hizi, isiyo na mishale, inayowaka namba. Mzee Mbaruku hakuipokea hata mkononi.

“Hiyo si saa,” akasema. Mteja akaenda zake.

“Mzee, ungeifungua tu uone,” nikamwambia.

“Nione nini?”

“Sijui. Ndiyo maana ya kufungua.”

Akatabasamu kidogo. “Wewe unasoma usiku na watoto wako wamezaa. Wanafunzi wenzako hawakucheki?”

“Wananicheka sana. Nami nawacheka. Kuna baba mmoja, mchinjaji, akiitwa ubaoni anatoka jasho mpaka chaki inalowa.”

“Na unarudi kesho yake?”

“Narudi. Nasali njiani, narudi.”

Akarudi kuinamia saa yake. Nikadhani amenisikia. Lakini alichosema ni hiki: “Mji huu unaamka kwa saa zangu. Nikikosea mimi, mji mzima unachelewa. Wacha wengine wakosee.”

Siwezi kusema hoja hiyo ni ya kipumbavu. Niliibeba siku nzima nikiigeuzageuza.

Mchana wa siku hiyo nilikwenda kusikiliza Baraza, ambalo kwao liko wazi kwa yeyote. Mkuu wa Baraza ni Hakimu Fikirini, mzee wa miaka themanini na zaidi, anayejifunza kupiga tarumbeta. Kila kikao anakifungua yeye mwenyewe kwa tarumbeta hiyo, na wajumbe wote husimama wima, nyuso zimekaza, mpaka amalize. Mpokeaji wa Makosa, ambaye kazi yake ni kugonga muhuri kila kosa linalokubaliwa, aliniambia kwa fahari kwamba tangu aanze kazi hajawahi kukosea kugonga. Nilitazama daftari lake. Muhuri ulikuwa umegongwa kichwa chini miguu juu, mwaka baada ya mwaka. Sikusema kitu, maana mgeni ana mipaka yake.

Siku ile wajumbe walikuwa wanajadili usahaulifu. Upande mmoja ulisema mtu aliyesahau amekosea, basi agongewe muhuri. Upande wa pili ukasema kusahau hakutokani na kujaribu, hivyo si kosa, na mwenye kusahau kila kitu apelekwe Kitini kwa sababu hawezi tena kuendelea mbele. Wakabishana kwa ukali. Mmoja akamwambia mwenzake, “Wewe unatetea usahaulifu kwa kuwa umesahau hoja yako!” Na mwenzake akajibu, “Nimeisahau kweli, lakini ilikuwa nzuri kuliko yako.”

Kisha akaletwa bibi mmoja ambaye ndiye chanzo cha mjadala. Bibi huyo hakumbuki jana. Binti yake alieleza kwamba kila asubuhi anamfundisha wimbo mmoja mfupi, na kila asubuhi mama yake anaujifunza kwa mara ya kwanza. Hakimu akaomba ausikie. Bibi akaimba. Akafika mahali akakosea, akasimama, akacheka peke yake kama msichana aliyejikwaa mbele ya wenzake, akarudia pale pale na kuendelea.

“Jana alikosea hapo?” Hakimu akauliza.

“Jana hapo hapo, na juzi, Mheshimiwa,” binti akasema. “Lakini kwake ni leo.”

Hakimu Fikirini akawageukia wajumbe. Halafu akasema, “Sheria inataka kosa liwe jipya. Haikusema liwe jipya kwa nani. Bibi huyu anakosea upya kila siku ya Mungu. Katika sisi sote yeye ndiye kijana.” Muhuri ukagongwa. Wajumbe waliompinga ndio waliotangulia kupiga makofi. Nami nilikuwa nimeshika rozari yangu ndani ya mkoba, nikamshukuru Mungu kwa nchi ile, pamoja na tarumbeta yake.

Jioni nilipowasimulia wenyeji wangu, Mzee Mbaruku aliinuka mezani kabla sijamaliza.

“Basi niacheni,” akasema. “Nitapeleka kosa.”

Bi Sikudhani akaniangalia, nami nikamwangalia yeye. Hatukuthubutu kumuuliza ni lipi.

Soko la Makosa hufanyika katika uwanja wa mahakama. Hakuna kinachouzwa ila kahawa na kashata. Watu hukaa juu ya mikeka, na kila mzee akisimama kutangaza kosa lake hushangiliwa kama bwana harusi. Nilimsikia mama mmoja aliyechimba kisima cha kwanza maishani mwake na kukuta amekichimba juu ya kisima cha zamani. Nilimsikia babu aliyejifunza lugha ya jirani zake ili awasalimie, akawatukana, wakamsamehe, akarudi kuomba radhi, akawatukana vizuri zaidi. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, na babu naye akacheka kuliko wote. Bi Sikudhani akatoa mkate wake, ukapitishwa mkono kwa mkono, na kila aliyeugonga kwa kidole aliitikia kwa kichwa.

Nikaitwa na mimi. Nikaanza kueleza habari za milinganyo yangu, lakini Bi Sikudhani akanyanyua mkono.

“Mheshimiwa, mgeni wangu anajipunja. Analo kubwa zaidi. Alipofika kwangu alikisifu Kiti.”

Uwanja mzima ukavuta pumzi.

“Alikisifu?” Hakimu akauliza.

“Akasema kwao ni heshima.”

Hakimu akanitazama kwa upole mwingi. “Mama, unaona sasa kwamba ulikosea?”

Nikafikiri kabla ya kujibu, kwa sababu sikutaka kusema jambo kwa kuwapendeza. “Naanza kuona, Mheshimiwa,” nikasema. “Lakini walionipa wananipenda.”

“Ndiyo,” akasema. “Karibu kila aliyekipata alipewa na wanaompenda.” Wakanigongea muhuri, kichwa chini.

Mwisho akasimama Mzee Mbaruku. Watu wakajongea mbele, maana mji wote ulikuwa unajua kwamba mwaka mzima hajakosea. Akatoa mfukoni saa ndogo ya mkononi, akaiinua juu.

“Saa hii,” akasema, “niliitengeneza juzi. Nimeikuta inakwenda mbele. Nimekosea.”

Watu walianza kushangilia. Hakimu akanyoosha mkono, wakanyamaza. Akaichukua saa ile, akaiweka sikioni, akaifungua nyuma.

“Mbaruku, uliikosea ukijaribu nini?”

“Nilikosea tu.”

“Mtu hakosei tu. Ulikuwa unatafuta nini ndani yake usichokijua?”

Mzee Mbaruku akanyoosha ukosi wa shati lake. Hakimu akaifunga saa.

“Uliipeleka mbele mwenyewe, kwa bisibisi, na uliipeleka barabara. Kazi safi. Kosa la makusudi si kosa, ndugu yangu. Ni uongo uliovaa nguo za kosa.”

Kama hasira ingempanda pale, ingekuwa nafuu. Alisimama tu, shati lake limenyooka, kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwenzake. Nilimwombea kwa maneno machache niliyokuwa nayo. Kisha Kiti kikaletwa.

Nataka nieleze kwa haki. Hakuna aliyemshika kwa nguvu. Waliomketisha walimketisha kwa mikono laini, wakamwekea mto mgongoni na kigoda miguuni. Akaletewa uji. Mpokeaji wa Makosa akainama karibu na sikio lake, akapaza sauti, “MZEE WETU, UMEKULA?” Watu wakapita mmoja mmoja, wakimgusa bega, wakisema jinsi hali ya hewa ilivyo nzuri, na kabla hajafungua kinywa walikuwa wameshapita. Yote yalikuwa upole. Sikuona hata kitendo kimoja ambacho sikuwahi kukitenda mimi mwenyewe kwa baba yangu.

Bi Sikudhani alikuja wa mwisho. Akasimama mbele ya Kiti, mikono imeshika khanga.

“Leo itanyesha,” Mzee Mbaruku akasema. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu.

“Ndiyo, mzee wetu,” akasema Bi Sikudhani.

Mumewe akamtazama. “Mtoto wetu wa kwanza tulimwita jina nililochagua mimi.”

“Ndiyo, mzee wetu.”

“Mkate wako ni mzuri.”

Bi Sikudhani akaikunja ncha ya khanga. “Ndiyo, mzee wetu.”

Mzee Mbaruku akaegemea nyuma. Uji ulikuwa unapoa mkononi mwake. Aliposema tena, hakuwa anamjaribu. Alisema taratibu, kama mtu anayefunga duka.

“Haya, Sikudhani. Umepumzika sasa. Nyumba itakuwa na utulivu. Najua umefurahi.”

Tulingoja. Mpokeaji wa Makosa alimtolea macho Bi Sikudhani kumhimiza aitikie.

“Hapana,” Bi Sikudhani akasema.

Uwanja mzima ulisikia.

“Hapana. Umekosea.”

“Bi Sikudhani!” Mpokeaji akasema. “Aliye Kitini hasahihishwi!”

Lakini Mzee Mbaruku alikuwa amejisogeza mbele Kitini kumwelekea mkewe. “Nimekosea wapi?”

“Sijafurahi. Sitafurahi. Nyumba yenye utulivu nitaifanyia nini, niipangishe? Umeishi na mimi umri wote huo na jambo dogo kama hilo hulijui?”

“Nilidhani umechoka na mimi.”

“Nimechoka, ndiyo! Na kesho nataka nichoke tena!”

Watu wengine walicheka, wengine walikuwa wameinamisha vichwa. Mzee Mbaruku akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa karibu na nilimsikia.

“Sikudhani, mikono yangu si ile. Nikianza kukosea, nitajuaje kama najifunza au ndiyo naisha?”

“Nitakuambia mimi.”

“Na wewe ukikosea?”

“Utaniambia wewe. Umewahi kuniachia hata moja likapita?”

Mpokeaji wa Makosa hakuweza kuvumilia tena. Akamgeukia Hakimu, akadai Bi Sikudhani aadhibiwe, kwa maana amevunja Sheria ya Kiti mbele ya macho ya mji mzima, jambo ambalo halijapata kutokea.

“Halijapata kutokea?” Bi Sikudhani akadakia. “Basi ni jipya. Nililivunja nikijaribu. Ligongwe muhuri, ni langu.”

“Lako vipi?” mumewe akasema. “Nani aliyekosea hapa? Si umesema mwenyewe nimekosea?”

“Wewe umekosea kunidhania. Hilo ni la zamani, unalo tangu harusi.”

“La zamani nilikuwa sijaambiwa! Leo ndiyo nimelijua!”

“Kulijua ndiyo kulifanya?”

“Mheshimiwa, mwambie mwanamke huyu. Nilisema kwa dhati ya moyo, nikiwa sijui, na imeonekana sivyo. Hilo si kosa ni nini? Mkate wake una muhuri, mimi ninyimwe?”

“Mkate wangu usiuguse!”

“Nani anaweza kuugusa? Unavunja vidole!”

Alikuwa ameshika ukosi wa shati lake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa anamwonyesha Hakimu, kisha mkewe, kisha Hakimu. Uji ulikuwa umemwagika. Bi Sikudhani naye alikuwa amejishika kiuno, uso kwa uso na mumewe, wote wawili wanapaza sauti kwa pamoja, hamna anayemngoja mwenzake.

Hakimu Fikirini hakuwa anawatazama. Alikuwa anatazama nyuma yao, kwenye Kiti, ambacho hakikuwa na mtu. Akaweka kidole midomoni. Akawaita kwa mkono wale walioleta Kiti, nao wakaja wakinyata, wakakiinua pamoja na mito yake, na watu wakajivuta kwenye mikeka kuwapisha, mmoja baada ya mwingine, bila hata mmoja kumwambia Mzee Mbaruku kwamba alikuwa amesimama.